Je, ni busara kumpeleka binti wa Kidato cha Sita kuona vyuo kabla hajachagua?

Mzazi wa Korogwe

Ndugu wazazi, walimu na vijana mliopo vyuoni, nawasalimu nyote. Binti yangu wa pili anasoma Kidato cha Sita katika shule ya bweni mkoani Iringa, tahasusi ya CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), na mwezi Mei atafanya mtihani wake wa mwisho. Mungu akijalia, yeye ndiye atakuwa wa kwanza katika nyumba yetu kuingia chuo kikuu, kwa kuwa kaka yake alichagua ufundi na sasa anajitegemea, nami na mama yake tuliishia Kidato cha Nne. Nayasema haya ili mwelewe kwamba sina aliyenitangulia wa kunionyesha njia, na kila ninayemuuliza hapa mjini hunitajia chuo alichosoma yeye au mwanawe bila kunieleza alikichaguaje.

Alipokuja likizo ya Desemba alinionyesha daftari ambamo ameorodhesha vyuo saba, vikiwemo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) cha Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia) cha Mbeya, na vingine vitatu vya binafsi. Kozi anazozitaja ni sayansi na teknolojia ya chakula, au lishe ya binadamu. Mjomba wake, ambaye ameahidi kubeba sehemu ya gharama, anasisitiza asome udaktari wa binadamu, na amekwisha kulisema hilo mbele ya ukoo kana kwamba limepita. Binti akiwa mbele ya mjomba wake hunyamaza, lakini tukiwa wawili hueleza vizuri kabisa kwa nini anaipenda sayansi ya chakula, akitoa mfano wa machungwa ya Muheza ambayo kila msimu huoza kandokando ya barabara kwa kukosa wa kuyasindika.

Nimetenga shilingi 250,000 kwa ajili ya kumtembeza aone vyuo kwa macho yake. Mama yake anaona ni afadhali fedha hiyo itunzwe kwa ajili ya godoro na mahitaji ya kuanzia, kwa hoja kwamba chuo ataishi humo miaka mitatu na atakiona hadi akichoke. Naomba kujua kama ziara za namna hii zina faida ya kweli, ziende vyuo vingapi, zifanyike lini, na mzazi aingie kiasi gani katika uamuzi ambao hatimaye si maisha yake.

Mwalimu wa Taaluma

Mzazi mwenzangu, nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa Kidato cha Sita kuchagua kozi kwa miaka mingi, na nitaanza na suala la mjomba kwa sababu ndilo linaloweza kumalizwa leo bila gharama yoyote. Sifa za kujiunga na udaktari wa binadamu hapa nchini zinadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja. Binti yako anasoma CBG, yaani nafasi ya Fizikia imeshikwa na Jiografia, kwa hiyo mlango huo haupo wazi kwake kwa matokeo ya Kidato cha Sita hata akipata daraja la kwanza lenye alama za juu kabisa. Mweleze mjomba kwa heshima, ukiwa na Mwongozo wa Udahili mkononi, ili asidhani kwamba mtoto amemkaidi. Nimeona familia zikigombana miezi mizima juu ya kozi ambayo mtoto hangeweza kuiomba.

Mwongozo huo hutolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na hupatikana bure katika tovuti yake. Kuna mwongozo wa wahitimu wa Kidato cha Sita na mwingine wa wenye stashahada na sifa nyingine, basi hakikisheni mnasoma ulio wenu. Kwa kila kozi mtaona masomo yanayotakiwa, muda wa kusoma na idadi ya nafasi. Kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, lakini kozi nyingi za sayansi huongeza masharti yake juu ya hapo, na isitoshe kutimiza sharti si sawa na kuchaguliwa, kwa maana waombaji huwa wengi kuliko viti. Kozi isiyoonekana ndani ya mwongozo msiiombe, hata kama chuo chenyewe kinatambuliwa na mna kipeperushi chake chenye picha nzuri. Nina hakika daftari la vyuo saba litabaki na vitatu au vinne baada ya jioni moja ya kusoma, na hapo ndipo mtakuwa na sababu ya kuzungumzia nauli.

Angalieni pia kozi inafundishwa wapi. SUA haina Morogoro peke yake, kwani ina kampasi ya Mizengo Pinda mkoani Katavi. Mzumbe ina kampasi Mbeya na Dar es Salaam. Na anayechaguliwa MUCE, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anakwenda kuishi Iringa. Nimewahi kumwona kijana akilia kwa sababu alijaza jina la chuo pasipo kuangalia kampasi, akajikuta anatakiwa kuripoti mkoa ambao hakuwa ameufikiria kabisa.

Wapo watakaokushauri kwa kukumbuka utaratibu wa zamani, ambapo maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa kila chuo, na kila chuo hutoza ada ya maombi isiyorudishwa, kwa kawaida shilingi 10,000. Kuomba vyuo saba bila kuchuja ni kutumia fedha ambayo ingeweza kuwa nauli ya ziara moja yenye maana.

Jambo ambalo huwaumiza wengi ni simu na barua pepe. Wahitimu wengi wa Kidato cha Sita huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria na huripoti makambini kati ya mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, matokeo hutoka Julai, na dirisha la udahili hufunguliwa mara baada ya hapo. Maana yake ni kwamba huenda wewe ndiye utakayekuwa ukijaza fomu wakati yeye yuko kambini. Wazazi wengi hukimbilia duka la stesheneri, na mwenye duka, kwa haraka au kwa nia mbaya, hujaza namba yake mwenyewe. Mtoto akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa kutumia namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu, na ujumbe huo ukienda kwa mtu baki, familia huanza kumtafuta huku siku za kuthibitisha zikiisha. Mfungulieni binti barua pepe yake kabla hajaenda kambini, laini yake ya simu ibaki nyumbani, na nywila ziandikwe mahali ambapo ninyi wawili mnapajua. Vishoka wanaojiita mawakala wa udahili msiwape kitu.

Kuhusu Bodi ya Mikopo sitasema mengi, ila kwamba cheti cha kuzaliwa kinapaswa kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huo unaweza kuchukua siku kadhaa. Ufanyeni mapema, kwa sababu katika miaka ya karibuni dirisha la Bodi limekuwa likifunguliwa Juni au Julai.

Ama kuhusu ziara zenyewe, ushauri wangu ni kusubiri matokeo. Kabla ya hapo mnatembelea vyuo ambavyo pengine hataviomba. Julai kuna maonesho ya vyuo vikuu katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ambapo mtakutana na vyuo vingi mahali pamoja na kuzungumza na maofisa udahili ana kwa ana.

Mama wa watatu, Dar es Salaam

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo yake, nami nakubaliana naye karibu yote, isipokuwa pale alipoyapa maonesho nafasi ya ziara. Mwanangu wa kwanza alichagua chuo katika banda la maonesho. Tulipokewa kwa ukarimu, tukapewa kalenda na kalamu, tukaonyeshwa picha za maabara, na siku hiyo hiyo tukajaza maombi. Sitakitaja chuo hicho. Alipofika alikuta maabara ya kwenye picha ipo kampasi nyingine, na wao mwaka mzima wa kwanza walisoma nadharia pekee. Mwaka wa pili aliacha akaanza upya kwingine, na ile ada ya mwaka wa kwanza, ambayo baba yake aliipata kwa kuuza kiwanja, haikurudi. Ndiyo maana leo mtu akiniambia nauli ya kuona chuo ni gharama kubwa, namwomba ailinganishe na ada ya mwaka mmoja uliopotea.

Wa pili nilimpeleka mwenyewe. Tulipanda treni ya SGR (reli ya kisasa) alfajiri kwenda Morogoro, nauli ya daraja la kawaida ikiwa shilingi 13,000 kwa kila mmoja, na jioni tulikuwa tumerudi nyumbani. Dodoma, ambako nauli ilikuwa shilingi 31,000, tulilala usiku mmoja kwa ndugu, na ilikuwa heri, kwa kuwa UDOM ni chuo kilichotawanyika juu ya vilima, ndaki moja, yaani kitengo kimoja cha masomo, ipo mbali na nyingine, na mtu asiyejua anakoelekea humaliza asubuhi yote akitafuta jengo.

Hata hivyo nilifanya kosa ambalo bado linanikera, nami nalieleza ili wewe baba usilirudie. Katika ziara ya kwanza niliuliza maswali yote mimi. Mhadhiri alitupokea vizuri sana, nikamuuliza juu ya ada, ajira, usalama wa wasichana, imani za wanafunzi, hata chakula, na kwa muda wote huo binti yangu alikuwa amekaa pembeni akitazama mikono yake. Tulipotoka nilimuuliza amekionaje chuo, akanijibu, “Mama, wewe ndiye uliyekiona.” Neno hilo lilinikaa moyoni. Safari ya Dodoma nilimwachia aandike maswali yake nyumbani, na tulipofika kwenye ndaki nilimwambia nitakuwa nimekaa chini ya mti, akimaliza anifuate. Alirudi baada ya saa mbili akiwa amezungumza na wasichana wawili wa mwaka wa pili, ameingia maktaba, ameonyeshwa bweni, na ameuliza kitu ambacho mimi nisingekifikiria kamwe, yaani wanafunzi wa kozi ile hupelekwa wapi kwa mafunzo kwa vitendo na ni nani hulipa nauli.

Maswali yangu mimi niliyaacha kwa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, nikaenda peke yangu kuuliza habari za mabweni, zahanati, na nini hufanyika mwanafunzi akiugua usiku. Mgawanyo huo ulitufaa, kwa sababu hofu zangu zilipata majibu bila kukalia kiti cha maswali yake.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, SUA

Shikamooni wazazi wangu, shikamoo Mwalimu. Nasoma kilimo hapa Morogoro na nimeona niseme kitu kuhusu muda, kwa heshima kabisa, kwani hapo natofautiana na Mwalimu.

Mkisubiri matokeo ya Julai mtakikuta chuo kikiwa katika mitihani ya mwisho wa muhula au kimekwisha kufungwa, na likizo ndefu huendelea hadi karibu na mwaka mpya wa masomo. Mtaona majengo, miti na walinzi. Mtu anayetaka kujua chuo kinavyoishi anapaswa kuja wakati madarasa yanaendelea, siku ya kazi, kati ya Jumatatu na Alhamisi, maana Ijumaa mchana wengi huwa wameanza kuondoka. Mei bado ni muhula wa pili, kwa hiyo wakati mzuri kwenu ni pindi tu binti atakapomaliza mtihani, kabla hajaitwa kambini.

Nimesoma kwamba yupo Iringa na nyumbani ni Korogwe. Barabara ya kutoka Iringa inapita Mikumi, inafika Morogoro, kisha Chalinze ndipo ipande kaskazini kuelekea Segera. Siku utakapokwenda kumchukua, baba, mtapita hapa kwa vyovyote. Mkishuka stendi ya Msamvu na kulala usiku mmoja, SUA mtakuwa mmeiona kwa gharama ya chumba na chakula tu, na nauli ingekuwa ile ile ambayo mngeilipa hata msingesimama.

Kwa kozi anazozitaja, waulize njia ya kwenda kampasi kuu ya Edward Moringe, chini ya milima ya Uluguru, na si kampasi ya Solomon Mahlangu iliyopo Mazimbu, ambako zamani palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini hadi walipoikabidhi kwa serikali yetu mwaka 1992. Wageni huzichanganya mara kwa mara, na moja ipo mbali na nyingine.

Binti akifika aombe kuiona karakana au maabara ya kusindika vyakula wakati wenzake wanafanya kazi ndani yake, na aangalie kama wanafunzi wenyewe ndio wanaoshika vifaa au wanasimama nyuma wakimtazama fundi. Awaulize wa mwaka wa pili, kwa kuwa wa kwanza bado hawajajua na wa mwisho wanafikiria kuondoka, ni somo gani linalowaletea watu sapu (mitihani ya marudio) nyingi na kwa nini. Mimi nilikuja bila kujua kwamba takwimu zingenifuata hadi kwenye kilimo, na mwaka wa kwanza nilirudia mtihani wa somo hilo nikiwa na hofu kubwa ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Ningejua mapema ningejiandaa, badala ya kulia peke yangu bwenini.

Aulize pia habari za kupanga nje ya chuo. Mabweni hayawatoshi wote, na kadiri miaka inavyosonga wengi huhamia mageto (vyumba vya kupanga) ya mtaani, ambako kodi hutakiwa kwa miezi kadhaa kwa mkupuo. Anayepata mkopo wenye fedha ya chakula na malazi hupewa shilingi 10,000 kwa siku, lakini bumu, yaani fedha hiyo, haliji kila siku, huja kwa mafungu, na anayefika chuoni akilitegemea kuanzia siku ya kwanza hupata shida. Kwa hili namuunga mkono mama wa binti: akiba ya kuanzia isiguswe yote kwa safari.

Mzazi wa Korogwe

Marahaba mwanangu, na nawashukuru ninyi nyote kwa muda mlioutoa. Jana usiku tulikaa na mwongozo wa TCU wa mwaka uliopita, mimi na mama yake, tukiusoma kwa simu hadi saa tano. Vyuo vya binafsi viwili kati ya vitatu hatukuviona na kozi alizoandika, na kimoja kinayo lakini kwa ada ambayo hatuiwezi bila mkopo. Nimempigia mjomba wake nikamsomea masharti ya udaktari neno kwa neno. Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza sayansi ya chakula inasomwa miaka mingapi, nami nimelichukua swali hilo kuwa ndiyo ruhusa yake.

Sikuwa nimewaza kabisa kwamba njia ya kumrudisha nyumbani inapita mlangoni mwa chuo. Mama yake naye ameridhika kwa kuwa sasa tutaona chuo kimoja kwa fedha kidogo, na salio litabaki kwa ajili ya godoro. Dar es Salaam na Mbeya tutaziamua matokeo yakitoka. Nina swali dogo moja lililobaki: anapomaliza shule atakuwa na tranka, ndoo na godoro la bweni. Je, tutazunguka navyo chuoni?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, SUA

Hapana, baba. Godoro la shule mwache amgawie mdogo wake wa Kidato cha Tano, ndivyo wengi wetu tulivyofanya. Tranka na ndoo kateni tiketi ya mizigo pale Iringa vitangulie kwa basi la Tanga na mtu avipokee Korogwe, au viacheni katika ofisi ya basi mtakalopanda kesho yake hapo Msamvu, mkihakikisha mmepewa stakabadhi yenye jina lenu na tranka limefungwa kufuli. Vyeti vyake na kitambulisho msiviache humo, atembee navyo. Na mwambie avae viatu vya kutembelea, kwa kuwa kutoka lango kuu hadi kwenye karakana ya chakula si karibu, na Mei mvua za masika huenda zikawa bado hazijaisha.